Kuyatawala mawazo: niliyofunzwa na mama wa Kikristo huko Bomet



Wasomaji wawili wameniandikia juu ya jambo moja. Nilipata kutaja hapa, kwa kupita tu, kwamba njia ninayotumia kuyatuliza mawazo usiku nilifunzwa na mama mmoja Mkristo katika nchi ya chai. Mmoja alitaka maelezo. Wa pili alitaka kujua kama bado naswali. Naswali, alhamdulillahi. Nitawajibu wote wawili kwa kulieleza jambo lenyewe tangu mwanzo, maana sisi Waislamu wa Pwani tunaishi na majirani Wakristo miaka nenda miaka rudi, tunazijua sikukuu zao na kelele za spika zao, lakini tukiulizwa Mkristo hufanya nini na kichwa chake anapozidiwa na mawazo, hatuna jibu.

Ilikuwa mwaka 2017. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka 13 na moyo wake umechoka. Ugonjwa wenyewe wengi mnaujua hata kama hamjui jina lake: mtoto huumwa koo, hatibiwi vizuri, homa inarudi na viungo kuvimba, na miaka ikipita vali za moyo hukakamaa au huvuja. Tulielekezwa Tenwek, hospitali ya misheni karibu na mji wa Bomet, ambako upasuaji wa moyo wa aina hiyo hufanywa. Tukapanda basi la usiku Mombasa, tukabadilisha gari Nairobi, tukapita Narok, na jioni tukashuka kwenye baridi ambayo mzaliwa wa Majengo huisikia kwa watu tu.

Dada alilala hospitali. Mimi nilipata chumba kwa familia moja upande wa Silibwet, wakulima wadogo wa chai. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mjane, Mkipsigis, muumini wa Africa Gospel Church. Alinionyesha upande wa kibla kabla sijauliza. Sijui aliujuaje.

Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili pia. Kila nikifumba macho wazo lilikuja lile lile: mtoto atafia kwenye meza ya upasuaji, na wewe ndiwe uliyemshauri dada yako amlete huku. Nilisoma Ayatul Kursiyyu. Nilisoma Kuliya zote tatu. Wazo likawa linaingia kati ya aya na aya, kama nzi anayejua pa kupenya kwenye chandarua. Nikaamka, nikawa natembea chumbani.

Asubuhi ya tatu mama yule akaniwekea chai ya maziwa mezani na kusema, "Kijana wangu, usiku unatembea sana. Nasikia mbao."

Nikamwomba radhi.

"Si neno. Unaomba?"

"Naomba, mama."

"Ukimaliza kuomba unafanya nini?"

Nikafikiri kidogo, nikasema kweli: "Naendelea kufikiri."

Akacheka. "Basi kazi iko hapo."

Siku hiyo alinichukua shambani, na jioni tukapeleka majani kituo cha kununulia chai. Kama hujawahi kuona, nitakueleza, kwa sababu somo lote liko hapo. Mchumaji huchuma majani mawili machanga na chipukizi lake, basi. Lakini mikono inakwenda haraka, na kikapuni huingia pia jani gumu, kijiti, pengine gugu. Kwa hiyo kituoni, kabla ya mizani, majani humwagwa na kutandazwa, na mwenyewe hukaa akayachambua. Karani akipita akakuta majani magumu mengi, anakukatalia. Hakuna anayemlaumu mkulima kwa sababu jani gumu limeingia kikapuni. Lawama inakuja likifika kwenye mizani.

Mama akaniambia kichwa chake ndivyo anavyokifanya. Hakulalamika kwamba wazo baya limemjia. Analimwaga mezani, analitazama, analiita jina lake kwa sauti, kwa Kikipsigis, hata kama yuko peke yake katikati ya chai. "Hii ni hofu ya mtoto wangu." "Hii ni chuki ya shemeji." Kisha analijibu kwa neno la Biblia alilokwisha kuhifadhi kwa ajili ya wazo hilo hasa, si neno lolote tu. Ana neno la hofu, ana neno la hasira, ana neno la fedha. Halafu anarudisha mikono kwenye kazi iliyo mbele yake. Wazo likirudi baada ya dakika tano, anaanza tena, bila kujikasirikia.

Nilimuuliza kama hachoki. Akasema chai nayo hurudi baada ya siku chache, na hajawahi kusikia mkulima akikataa kuchuma kwa sababu hiyo.

Nilidhani haya ni hekima yake binafsi. Baadaye nilisoma, nikaona ana ukoo mrefu nyuma yake.

Msingi wao uko kwa Paulo. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 10, anazungumza kwa lugha ya vita: kila fikira ikamatwe kama mateka na kuletwa mbele ya Kristo imtii. Na katika barua kwa Wafilipi, sura ya 4, ambayo aliiandika akiwa kifungoni, anataja mambo ya kweli, ya heshima, ya haki, safi, ya kupendeza, na kuwaambia wayaweke hayo ndani ya fikira zao. Angalia, hasemi wasifikiri, wala hasemi wafukuze. Anawapa kitu cha kufikiri badala yake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwapitia kichwani wapige kengele. Kengele hazikukoma. Kukazana kutofikiri jambo ndiko kunakoliita, na mimi chumbani Silibwet nilikuwa nikipiga kengele usiku kucha.

Miaka mia tatu na zaidi baada ya Paulo, watawa wa Kikristo katika jangwa la Misri, Waafrika wenzetu na wageni waliohamia kwao, waliifanya kazi hii kuwa elimu. Mmoja wao, Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliyagawa mawazo yanayomsumbua mja mafungu manane, ulafi, zinaa, kupenda mali, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno na kiburi, kisha akaandika kitabu kizima cha majibu: wazo likikwambia hivi, lijibu kwa aya hii. Mama wa Silibwet hajapata kusikia jina la Evagrius. Lakini anachofanya kati ya mistari ya chai ni kile kile.

Jinsi kilivyomfikia ni hadithi ya pale pale Bomet na Kericho. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuja Mmarekani wa dhehebu la Quaker, Willis Hotchkiss, mmoja wa wale walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902, akahamia kwa Wakipsigis, ambao serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwaita Walumbwa. Katika miaka ya 1930 kazi ikashikwa na World Gospel Mission, na mwaka 1937 zahanati ya Tenwek ikaanza. Daktari wa kwanza, Ernie Steury, alifika mwaka 1959, na kwa miaka akawa daktari peke yake. Kanisa lililotokana na misheni hiyo ndilo Africa Gospel Church.

Sasa, misheni hii ilitoka kwenye tapo la Wamarekani wanaoitwa watu wa utakatifu, ambao babu yao wa kiroho ni John Wesley, mhubiri wa Kiingereza wa karne ya 18. Kwao wokovu hauishii kwenye kusamehewa, moyo wenyewe lazima usafishwe. Ukiamini hivyo, huwezi kusema "alimradi sijatenda". Yanayopita kichwani nayo yana hesabu. Wesley aliwapanga watu wake katika vikundi vidogo vilivyokutana kila wiki, na kila mtu aliulizwa wazi amekosa nini na amejaribiwa na nini tangu walipoonana. Mama yule naye anacho kikundi, wanawake kama kumi, wanakutana alasiri moja ya juma. Mambo ambayo sisi tungeyaficha hata kwa ndugu wa tumbo moja, wao wanayasema pale, wanaombeana, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani. Nadhani nusu ya nguvu ya njia yake iko hapo, kuliko kwenye aya. Wazo lililotamkwa mbele ya watu kumi wanaokupenda halirudi na ukubwa ule ule.

Na alikuwa na la kusema. Kijana wake wa kwanza alikuwa kibarua katika mashamba makubwa upande wa Kericho, akapoteza kazi mashine za kuchumia zilipoletwa, akaanza kunywa. Kila usiku asiporudi, wazo lilimwambia mama yake kwamba amelala mtaroni, amekufa kwa baridi. Wazo hilo aliliita kwa jina lake, analijibu, analipeleka kikundini. Lakini pia alitoka na tochi kwenda kumtafuta. Nilimwona kwa macho yangu usiku mmoja, mvua ikinyesha, kajifunika karatasi ya nailoni ya kuchumia chai.

Hapa lazima nisimame, maana najua kuna wanaosoma huku wakisema: haya si ndiyo yale yale, maskini anafundishwa kutuliza mawazo ili asidai haki yake? Swali ni la haki, na nchi ile ina sababu za kuliuliza. Ardhi nzuri ya Kericho ilichukuliwa na wakoloni, na ukoo wa Talai ukahamishwa wote kwa sheria ya mwaka 1934 na kutupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha wanawake katika mashamba makubwa wakilazimishwa ngono ili wapate kazi. Mei mwaka huo huo hasira ya mashine ilipasuka, zikachomwa, na mtu akapoteza maisha. Mwenye shamba yeyote angefurahi kuwa na wachumaji wanaoimba tu.

Nilimuuliza mama hivyo hivyo, si kwa adabu sana. Akanijibu kwamba chuki na dai si kitu kimoja, na kwamba akiichambua chuki ndipo anapoliona dai lake vizuri. Katika mikutano ya kiwanda cha chai, ambako wakulima hugombania bonasi, yeye husimama na daftari la kilo zake na kuuliza. Akikasirika hawezi kusoma hesabu, akasema.

Basi kuna upotoshaji wa pili, nao sisi Wapwani hatuhitaji kusafiri kuutafuta. Shakahola iko Kilifi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, watu waliofuata mahubiri ya kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Nao pia waliambiwa wayateke mawazo yao: wazo la njaa, wazo la kumhurumia mtoto anayelia, wazo la kutoroka, yote waliambiwa ni ya shetani. Kwa maneno yanafanana na ya Silibwet. Tofauti ni nani amekaa kwenye meza ya kuchambua. Mama wa Silibwet huchambua mwenyewe, kwa kitabu anachokisoma mwenyewe, mbele ya wenzake wanaoweza kumwambia "hapo umekosea". Wa Shakahola walimpa mtu mmoja kikapu chote. Dini yoyote inaweza kufikishwa huko, na yetu pia, kwa hiyo tusinyoosheane vidole.

Turudi kwetu. Nilipokuwa nikimsikiliza, masikio yangu yalikuwa yakisikia chuo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika sehemu ya Ihya inayohusu maajabu ya moyo, ameeleza ngazi hizi wazi: kwanza khatir, wazo linalopita, kisha moyo kuelemea, kisha kukata shauri kwamba inafaa, kisha hamm, azma. Mja haulizwi kwa ngazi ya kwanza. Na hadithi inayojulikana na kila mtoto wa madrasa inatueleza kwamba Allah ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinawanong'oneza, maadamu hawajayatenda wala kuyasema. Sura ya mwisho katika Msahafu yote ni kinga dhidi ya mnong'onezaji anayerudi nyuma na kuja tena. Tunayo haya yote. Ila sisi tumeifanya sura hiyo kuwa ya kusoma, wakati mama yule aya zake amezifanya za kujibia. Usiku wa nne, nilikaa kitandani, nikalitaja lile wazo kwa Kiswahili, kwa sauti: "Hii ni hofu ya kulaumiwa." Nikashtuka mwenyewe. Mpaka hapo nilidhani ni hofu ya mtoto kufa. Nilipolijua lilivyo, nikajua pia la kulijibu, nikasoma aya ya Qur'ani inayosema ajali ya kila nafsi iko kwa Mola wake, nikalala mpaka alfajiri.

Sitaki kuficha mahali tunapoachana. Kwa mama yule, anayemsaidia kuchambua si elimu wala mazoezi, ni Yesu mwenyewe, ambaye kwake ni Bwana aliye hai ndani yake kwa Roho. Bila hilo, aliniambia, angekuwa mwanamke anayejisemesha peke yake shambani. Mimi siko naye hapo, na alilijua. Nilipomwambia nimechukua njia yake nikaiweka kwenye aya zangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema nimechukua kikapu nikaacha chai. Hatukugombana. Akaniongeza ugali.

Kuna jambo jingine ambalo nisipolisema nitakuwa nimewadanganya baadhi yenu. Njia hii si ya kila ugonjwa. Yuko mtu ambaye wazo humrudia mara mia kwa siku, na kila akilijibu linazidi kudai jibu jingine. Sote tunamjua yule anayetawadha mpaka jamaa inamaliza swala, hajui kama ameosha kiwiko. Ibn al-Jawzi alimwandika zaidi ya miaka 800 iliyopita, akaonya kwamba ukali huo ni hila ya Ibilisi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ajibu kila wazo, umemwongezea ugonjwa. Anahitaji daktari, na anahitaji kufundishwa kuliacha wazo lipite bila kujibiwa. Vilevile yule ambaye kwa wiki kadhaa hali, halali, na wazo linalomjia ni la kuiondoa roho yake. Kumwambia asome zaidi, au aombe zaidi, ni kumwacha peke yake. Hapa kwetu hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha akili, na kwenda huko si aibu wala si upungufu wa imani.

Tenwek yenyewe imeandika msimamo huo kwenye kauli mbiu yake: wao wanatibu, Yesu ndiye anayeponya. Nilipoiona mara ya kwanza, sikuipenda, nilidhani wanatuhubiria wagonjwa. Lakini tazama mpangilio wake. Kutibu hakukuondolewa. Asubuhi ya upasuaji mchungaji wa hospitali alikuja wodini, akatuuliza kama tungependa aombe. Dada akamwambia sisi ni Waislamu, tutaomba wenyewe. Akasema sawa, akakaa nasi kwenye benchi bila neno karibu saa nzima, mpaka daktari wa upasuaji alipotuita. Mtoto aliyekuwa kitanda cha jirani, msichana kutoka upande wa Narok, naye aliingia siku ile. Hakutoka. Mama yake nilimwona jioni akitembea na yule mchungaji kwenye njia ya nyuma, na sikujua la kumwambia.

Mpwa wangu sasa ni kijana mkubwa. Ana vali ya bandia, anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kila siku, na kila mara anapimwa damu. Dada bado huamka usiku kusikiliza pumzi yake. Nimemfundisha njia ya kuchambua, anasema mimi nina maneno mengi.

Mama wa Silibwet tulizungumza kwa simu baada ya Idi. Kijana wake hajaacha kabisa kunywa, ila amepata pikipiki na anabeba abiria. Aliniuliza nalala vipi. Nikamwambia kuna usiku lile wazo hurudi, limebadilisha nguo. Akauliza, "Umemwambia nani?" Nikasema sijamwambia mtu. Akanyamaza kama ninavyomjua, kisha akasema atanipigia baadaye, yuko njiani kwenda kiwandani, bonasi ya mwaka huu imekuwa ndogo na wakulima wameitisha mkutano.